Sindano na Rangi Zikae Chumba Kimoja

Mwezi uliopita nilikuwa katika kata moja ya Mbeya kwa kazi ya kuandikisha wanachama. Mkutano ulipokwisha, akina mama wakanizuia nisiondoke. Habari za kadi walikuwa wamekwisha kuzisikia. Walichotaka ni nikaone mashuka. Nikapelekwa nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima, akafungua sanduku. Mashuka meupe, yamedariziwa maua mekundu na majani ya kijani kutoka pembe hata pembe, na foronya zake zimeandikwa kwa uzi maneno ya Kiingereza ya kumtakia mtu usingizi mwema. Nikageuza upande wa nyuma, kama tulivyofundishwa chuoni kukagua kazi ya mkono, nisione fundo hata moja. Nikauliza bei. Alipoitaja, mimi ndiye niliyeona haya.

Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu akikosa la kusema hutafuta chaki. Tukafanya hesabu palepale. Mama hukaa na shuka saa tatu kila jioni, na hulimaliza kwa wiki tatu. Hizo ni saa 63. Akitoa gharama ya kitambaa na nyuzi, hubakiwa na shilingi 15,000. Basi saa moja ya macho yake, tena usiku, hulipwa chini ya shilingi 240. Hapana kibarua wa shamba la viazi atakayekubali ujira huo. Walakini tukimtaja mama huyu twasema “anajishughulisha,” kana kwamba anapoteza wakati tu.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Nyumba ya nne kutoka hapo wako vijana wawili wenye karai, jiko la mkaa na nta. Hao hutia batiki. Kazi yao ni nzuri, lakini yafanana na batiki ya kila kikundi kilichopata semina ya siku tano: duara, mistari, duara tena. Huiuza kwa mita, na mchuuzi huja kuichukua kwa bei aipendayo. Nikauliza kama shuka la mama limewahi kutiwa rangi na vijana hawa, au batiki yao kupita chini ya sindano ya mama. Wote wakacheka. Wanaonana kila siku kisimani, lakini kazi zao hazijaonana.

Hoja yangu ni hii: vitu hivi viwili vikae katika karakana moja, chini ya kikundi kimoja, na kila kitambaa kipite katika mikono yote miwili. Sisemi hivyo kwa ajili ya uzuri peke yake. Nasema kwa ajili ya zile saa 63. Rangi hufunika uwanja mkubwa kwa siku moja. Sindano ni ya polepole, nayo haifai kutumwa kujaza uwanja. Yafaa iende pale jicho linapotua. Kijana akipaka nta na kuchora mlima na ukungu wake, mama hana haja ya kudarizi mlima mzima. Atadarizi mti mmoja ulio mbele, au ndege, au pindo la shuka. Saa zitashuka mpaka labda kumi, na kitambaa kitakuwa hakina ndugu yake sokoni.

Walio na mashaka juu ya ufundi nawajibu kwa ufupi. Rangi kwanza, sindano baadaye. Rangi hizi za batiki hutiwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, dawa kali ziwezazo kuharibu nyuzi za rangi; kisha kitambaa huchemshwa ili nta itoke. Nta isipotoka yote sindano hunata na mkono huchoka. Uzi mwekundu ujaribiwe kabla: uloweshe, ubane juu ya kitambaa cheupe, na ukiacha alama usiushone. Kitambaa kilichopakwa rangi kwa brashi kipigwe pasi upande wa nyuma ili rangi ishike. Iko njia moja tu ninayoipenda ya kwenda kinyume: kudarizi kwa uzi mweupe wa pamba na uzi mweupe wa poliesta, kisha kuchovya. Ule wa pamba utakunywa rangi pamoja na kitambaa, ule wa poliesta utabaki mweupe. Akina mama walipoona jambo hilo walipiga vigelegele, nami sikuwa na habari nalo mpaka kijana mmoja aliponionyesha. Maji ya kostiki yasimwagwe mtoni, na mikono ivae mipira. Hayo hayana mjadala.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ufundi wa kigeni. Si kweli. Huko Kasai, katika nchi ya Kongo, Wakuba wana desturi ya siku nyingi: wanaume hufuma kitambaa cha nyuzi za majani ya mwale, wanawake hukidarizi kwa nyuzi zilizotiwa rangi, na vitambaa hivyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wanawake wa Kiyoruba wa Nijeria huchora kwa uji wa muhogo juu ya kitambaa, ukikauka hukichovya katika nili, na pale palipopakwa uji rangi haiingii. Nguo hiyo huitwa adire. Muhogo, ndugu zangu! Nasi twanunua nta dukani. Uji hauvumilii maji ya moto, hilo lazima lisemwe, lakini kwa rangi ya baridi wafaa kabisa. Na hapa kwetu pwani, katika karne ya 19, marekani ililetwa na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts. Wanawake wa Unguja wakaichovya katika nili ikawa kaniki, na kaniki ikapanda bara. Nguo ilikuwa ya mgeni, thamani iliongezwa na mkono wetu.

Hata Iringa mjini mfano upo. Kituo cha Neema Crafts kilianzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kikianza na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi. Baadaye kikaajiri watu wengi wenye ulemavu katika ufumaji, uchapaji wa nguo, ushonaji na shanga. Nilichojifunza mimi pale si mchoro. Ni kwamba kazi mbalimbali ziko pamoja, na mgeni huingia akaiona mikono kabla hajaiona bei. Mtu aliyeona vidole vikifanya kazi habishani sana juu ya shilingi.

Lakini Mbeya si Iringa. Iringa hupata watalii waendao mbuga ya Ruaha. Mbeya hupata wasafiri waendao Tunduma na Kasumulu. Basi soko la Mbeya litafutwe katika harusi, katika kwaya za makanisa, na kwa wafanyabiashara wa Zambia na Malawi. Mbeya vile vile ina Mwanjelwa, na Mwanjelwa ina mitumba, nami sitawadanganya kwamba shuka la karakana litashindana na shuka la mtumba kwa urahisi wa bei. Halitashindana. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika ya Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba. Marekani ikanuna, wengine wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikanyimwa mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Kwa hiyo tusikae tukingoja marais. Kule Unguja hapana mtu aulizaye kwa nini kofia ya vito ya mkono ni ghali kuliko ya mashine.

Sasa nakiri kosa langu. Mwaka jana, katika kikundi kimoja nisichokitaja, mimi ndiye niliyependekeza mapato yagawanywe nusu kwa nusu baina ya waliotia rangi na waliodarizi. Nilidhani hiyo ndiyo haki. Kijana alitia rangi vitambaa 20 kwa siku mbili. Akina mama wanne wakavishika vitambaa vile vile kwa mwezi mzima. Nusu kwa nusu! Hawakugombana nami, Jumamosi iliyofuata hawakuja tu. Nilipowafuata, mmoja akaniambia, “Mwanangu, wewe umehesabu vitambaa, hukutuhesabu sisi.” Baadaye walirudi watatu. Wa nne hajarudi mpaka leo.

Tangu hapo nashauri hivi. Kwanza arudishiwe fedha yake yule aliyenunua rangi, nta, kitambaa na uzi. Kisha saa zilipwe, na saa ya karai na saa ya sindano zilipwe bei moja. Kinachobaki kiingie katika sanduku la kikundi. Vijana hulalamika kwamba dawa zinaunguza; basi mipira ya mikono inunuliwe na sanduku. Wengine huuliza, je, mama akiandika saa nyingi kuliko alizofanya? Kila mchoro mpya ufanywe mmoja mbele ya wote, saa zihesabiwe, na hesabu hiyo iwe ndiyo kipimo.

Liko pia jambo la sheria, na hili nawaelekezea madiwani wetu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Nia yake ni njema. Walakini kikundi cha mama wa miaka 55, kijana wa kiume wa miaka 22 na fundi kiziwi, wakikaa meza moja, chaingia katika fungu gani? Hakuna fungu lake. Hivyo fedha yetu wenyewe yatutenganisha katika kazi ambayo faida yake ni kuchanganyika. Hivi sasa tunawaandikisha mbali mbali na kuwafunga kwa mkataba wa kushirikiana karakana. Yawezekana, lakini ni vikao viwili, mihuri miwili, na nauli mara mbili kwa mtu atokaye kijijini.

Nasi viongozi wa chama tusijifiche nyuma ya madiwani. Twapanda jukwaani kuhubiri kujitegemea tumevaa kitenge kilichochapwa ng'ambo; mwezi uliopita mimi nilikuwa hivyo hivyo, mbele ya mama yule mwenye sanduku. Kila mkutano mkuu wa wilaya hununua vitambaa vya meza na zawadi za wageni. Yafaa agizo lipelekwe karakana, tena mapema. Kuanzia Juni jua la kiangazi laanika nguo vizuri, basi rangi itiwe wakati huo. Masika sindano itaendelea ndani, wakati ukungu wa Rungwe hauruhusu hata leso kukauka. Anayeleta agizo la Machi kwa kazi ya Machi anatafuta kisingizio cha kwenda dukani.

Vijana na akina mama wa kata ile watakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Daftari la saa wamekwisha kulikubali. Kinachobishaniwa bado ni nani atalishika.