Kiongozi wa Kisiwa Apimwe kwa Udongo



Mtu wa bara akikosa unga, hupanda baiskeli akaenda kijiji cha pili. Mtu wa kisiwani akikosa unga, hungoja chombo. Ziwa likichafuka, chombo hakiji. Chombo kisipokuja, bei hupanda dukani. Njaa ya kisiwani imezungukwa na maji pande zote.

Kwa hiyo nasema hivi: kiongozi wa kisiwa asipimwe kwa hotuba zake, wala kwa barua zake za kuomba chakula. Apimwe kwa udongo wa kijiji chake. Je, udongo una rutuba kuliko alipoupokea, au umechoka zaidi?

Tuchukue mfano wa Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza. Wilaya hii ni ya visiwa, ndani ya Ziwa Victoria. Kisiwa kikubwa kinaitwa Ukerewe. Kaskazini yake kuna Ukara, kisiwa kidogo chenye mawe mengi. Eneo lake ni kilometa za mraba 77 hivi.

WAKARA WALIFANYA NINI?

Ukara ilijaa watu tangu zamani. Katika miaka ya 1960 walikuwako watu zaidi ya 200 kwa kila kilometa moja ya mraba. Udongo wake ni wa mchanga, hauna nguvu nyingi. Hata hivyo Wakara walilima shamba lile lile mwaka baada ya mwaka, nalo likaendelea kuzaa. Waliwezaje?

Kwanza, walitumia samadi. Ng'ombe hakuachwa azurure ovyo. Alifungwa ndani ya nyumba, mahali palipochimbwa chini, akaletewa majani. Samadi ikajaa shimoni, kisha ikabebwa kwenda shambani.

Pili, walipanda mbolea. Katika shamba la uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea. Uwele ulipovunwa, mmea ule uliendelea kukua, halafu ukafukiwa udongoni ili uoze.

Tatu, waliuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Walijenga kuta za mawe kwenye miteremko.

Nne, walipanda miti, na walipanda majani ya mifugo mahali penye maji. Miti na mashamba vilikuwa na wenyewe. Kila mtu alitunza chake.

Mabwana shamba waliandika habari hizi tangu miaka ya 1930. Mwaka 1967 mtaalamu wa Kijerumani, H. D. Ludwig, alitoa kitabu juu ya kilimo cha Ukara. Wasomi walitoka mbali kuja kujifunza kwa mkulima wa jembe la mkono.

PORI LIMEKWISHA

Sasa sikiliza sehemu ya pili ya habari hii. Wakara wengi walihama kwa kukosa nafasi. Walikwenda Ukerewe na bara, ambako ardhi ilikuwa bado nyingi. Huko waliacha kazi ya samadi. Kwa nini mtu abebe mbolea kichwani, na pori lipo? Walifyeka, wakalima, na udongo ulipochoka wakasogea mbele.

Tusiwalaumu upesi. Kazi ile ni nzito, na hakuna apendaye kubeba mzigo asiolazimika kuubeba. Lakini leo Ukerewe nayo imejaa watu. Hakuna tena pa kusogea. Mbele ni maji.

Tena mhogo, ambao ni chakula kikuu cha Ukerewe, una maadui wawili: ugonjwa wa batobato na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Batobato hukunja majani na kuyatia madoa ya njano. Michirizi huharibu mizizi. Mkulima aweza kuona shina zuri, lakini akichimbua hukuta mhogo una uozo wa kahawia ndani. Magonjwa haya huenezwa na inzi weupe. Huenezwa pia na sisi wenyewe, tunapopanda pingili za shina linaloumwa. Kisiwa kinachotegemea mhogo peke yake kimesimama kwa mguu mmoja.

"SISI NI WAVUVI, TUTANUNUA"

Wako wanaosema: "Sisi ni wavuvi. Tunauza sangara na dagaa, tunanunua unga." Ni kweli, fedha ya samaki ni msaada mkubwa. Lakini tupige hesabu. Chukua nyumba ya watu sita inayopika kilo 3 za unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90. Kwa mwaka ni kilo 1,095, yaani karibu magunia 11 ya kilo 100. Je, samaki watapatikana kila mwezi? Na fedha ya samaki, je, hufika nyumbani yote? Mtoto hashibi fedha iliyobaki mwaloni.

Tena tulikumbuke ziwa lenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikitoka Bugolora. Kilikuwa kimepakia watu kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 220 walifariki. Sisemi kwamba watu wa visiwani wasisafiri. Kupata chombo salama ni haki yao. Nasema tu kwamba mwenye chakula nyumbani anaweza kungoja chombo cha kesho. Mwenye sufuria tupu huona vigumu kungoja.

KAZI YA KIONGOZI

Wengine watasema: "Kiongozi atoe amri, asiyelima apigwe faini." Amri peke yake haizai chakula. Mwaka 1955 Waluguru walipinga matuta ya lazima yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni, na ghasia zikatokea. Matuta yenyewe hayakuwa dhambi. Lakini watu walishurutishwa, hawakushauriwa. Wakara walijenga kuta zao kwa sababu shamba lilikuwa lao na faida waliiona.

Basi, nionavyo mimi, kiongozi wa kisiwa ana kazi nne.

1. Aanze kwake. Mwenyekiti na mtendaji wawe na shimo la samadi na shamba linaloonekana. Watu husikia kwa masikio, lakini huamini kwa macho.

2. Ashauriane na watu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Kijiji kinaweza kutunga sheria ya kuzuia mifugo isizurure, au ya kulinda miti. Akina mama wawepo na wasikilizwe. Samadi ikiwa ni mzigo wa mama peke yake, kazi hiyo haitadumu. Wanaume nao wabebe.

3. Aanzishe shamba la mbegu la kijiji. Bwana shamba aombwe pingili safi za mhogo unaostahimili magonjwa. Mashina yanayoumwa yang'olewe. Tena tusiache viazi vitamu, mtama na uwele, wala mpunga mabondeni. Zao moja likishindwa, jingine litatushika mkono.

4. Aweke daftari la chakula. Kila kitongoji kiandike: nyumba ni ngapi, na kila nyumba ina chakula cha miezi mingapi. Kiongozi atajua mapema wapi pana upungufu, kabla watoto hawajalia.

Katika kazi hii ya nne, ndugu msomaji, wewe unahitajika. Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa nchini ili ifikapo mwisho wa mwaka 1971 watu wazima wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Wazee wetu hawakushika kalamu ili waandike majina yao tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chakula pia ni mali.

Msaada ukija wakati wa shida, tuupokee, wala mwenye njaa asiachwe. Lakini gunia la msaada huliwa likaisha. Udongo uliotiwa samadi hubaki, na mwakani hutoa tena. Kwa hiyo siku ya mkutano wa kijiji simama, umwulize kiongozi wako kwa heshima: "Ndugu Mwenyekiti, shimo lako la samadi liko wapi?" Lakini kabla ya kuuliza, chimba la kwako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wakara walifanya mambo gani manne ili udongo usichoke?
2. Kwa nini waliohama waliacha kutumia samadi? Je, kijijini kwenu hali ikoje?
3. Nyumba yako hula kilo ngapi za unga kwa siku? Piga hesabu ya mwezi na ya mwaka.
4. Ni sheria ndogo ipi ya kilimo mnayoitaka kijijini kwenu? Nani atabeba mzigo wake?