Kingi wa drafti asikatwe mabawa, alazimishwe kula

Kuna mjadala usioisha maskani za Nairobi: je, kingi wa drafti amepewa nguvu kupita kiasi? Kibera utausikia Gatwekera na Makina. Kawangware utausikia karibu na steji ya 46, pale watu wa boda boda wanapongoja abiria. Kuna wanaosema kingi akatwe mabawa, atembee hatua moja moja. Kuna wanaosema aachwe aruke bodi nzima, maana ametoka mbali kuupata huo ukingi. Mimi niko na hawa wa pili, lakini kwa sharti moja ambalo wengi wetu hulikwepa: kingi mwenye mabawa lazima alazimishwe kula.

Kwa wale mnaocheza za simu tu, tuelewane kwanza. Bodi ina vyumba 64, lakini tunatumia 32 pekee, vile vyeusi. Kila mchezaji ana kete 12. Mtaani kete ni vifuniko vya chupa: vyako vimelala kifudifudi, vyangu vimetazama juu. Kete ya kawaida inasonga mbele kwa mshazari, chumba kimoja kimoja. Ikifika mstari wa mwisho upande wa adui inabebeshwa kifuniko cha pili, na hapo imekuwa kingi. Kuanzia hapo inaenda mbele na nyuma.

Sasa tupige hesabu. Mimi chuo niliacha njiani, lakini hii haihitaji digrii. Kingi anayetembea hatua moja, hata ukimweka katikati kabisa ya bodi, ana vyumba vinne vya kwenda. Anayeruka, akikaa pale pale na njia ziko wazi, anafikia vyumba 13. Kati ya vyumba 31 vilivyobaki, huyo mmoja anachungulia zaidi ya thuluthi. Ndiyo maana mtu akiingiza kingi wa kwanza unasikia watazamaji wakipiga mayowe. Wameona mchezo ukigeuka.

Wanaotaka mabawa yakatwe si wajinga. Uingereza na Marekani wanacheza hivyo hivyo, kingi anatembea hatua moja, na mchezo wao ni mzito. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba kompyuta zao zimeukokotoa mchezo huo hadi mwisho: wachezaji wawili wasipokosea hata mara moja, watatoka sare. Kwa hivyo kingi dhaifu hauui mchezo. Ila Warusi, wanaotumia bodi ya vyumba 64 kama yetu, wanamruhusu aruke. Hata drafti ya kimataifa, ile ya vyumba 100 na kete 20 kila upande, kingi wake anaruka.

Kwetu mabawa yanafaa kwa sababu ya jinsi tunavyocheza. Hapa hakuna anayekaa saa tatu kwa mechi moja. Unacheza ukingoja abiria, ama fundi aite mtu wa kubeba mchanga. Kingi anayeruka anamaliza mechi haraka. Pia anampa aliyelemewa nafasi. Umebaki na kete tatu, mwenzako ana saba, lakini ukipenyeza moja tu hadi mwisho, bado uko ndani. Ukimkata mabawa, huyo wa kete tatu angeshika tu njia ya kwenda nyumbani.

Lakini mabawa hayo yana bei yake, nayo ni njaa. Sheria ya drafti, iwe ya Kiingereza, ya Kirusi au ya kimataifa, inasema kete ikiwa na nafasi ya kula ni lazima ile. Kingi naye vivyo hivyo. Hapo ndipo mnyonge anapata silaha. Tuseme kingi wangu anatamba kwenye mstari mrefu. Unaweka kete yako moja kwenye njia yake kama chambo. Nyuma ya chambo unaacha chumba kimoja tupu, na nyuma ya chumba hicho kuna kete yako nyingine iliyokingwa na mwenzake. Kingi wangu hana ujanja. Anaruka, anakula chambo, anatua kwenye kile chumba kimoja. Kete yako inamruka na kutua pale pale chambo kilipokuwa. Umetoa kete moja, umepata kingi. Mabawa aliyotamba nayo ndiyo yamemfikisha mtegoni.

Sasa ondoa lazima hiyo uone. Kuna maskani nimecheza, Kibera na hata Kawangware, ambapo utaambiwa kete inalazimishwa kula lakini kingi ana hiari. Eti kingi ni mkubwa, hashurutishwi na mtu. Aisee, hiyo ndiyo sheria mbovu kuliko zote. Kingi wa aina hiyo anaruka kama ndege, anaona mtego, anakunja miguu na kupita. Huwezi kumvuta wala kumchosha. Aliyetangulia kuingiza kingi ameshamaliza kazi, na dakika 10 zinazofuata ni mateso tu. Ukisikia watu wanalia kwamba kingi ana nguvu nyingi, chunguza kwanza kama kwao analazimishwa kula. Mara nyingi utakuta tatizo liko hapo, na mabawa yanalaumiwa bure.

Hii si hadithi ya kupoteza wakati. Mtaani tunachezea pesa. Mia mbili kwa mchezo inaonekana ndogo, mpaka ukumbuke mtu wa mjengo ameibeba kama sehemu ya mshahara wa siku nzima. Nimeona kijana mgeni akiwekewa sheria ya hiari baada ya kutega mtego vizuri kabisa. Kingi wa mwenzake akapita, wenyeji wakacheka, pesa ikaenda. Alipouliza, akaambiwa “hapa kwetu ndivyo.” Hakuna aliyemwambia kabla ya kuweka pesa mezani. Yule kijana hakushindwa drafti. Aliibiwa mbele ya watu, na watu wakashangilia. Ngumi nyingi za maskani huanzia hapo hapo.

Kuna pia suala la mwisho wa mchezo. Una kingi watatu, mimi nina mmoja. Kama mmoja wangu hajashika ule mstari mrefu unaotoka kona hadi kona, unaweza kunikamata, na Warusi wameonyesha kwamba ukijua njia inatosha hatua 15. Lakini kama nimeushika mstari huo na njia yako ya kuukata haipo, hunikamati hata tukikesha. Ndiyo maana kwa sheria yao, ukishindwa kumaliza ndani ya hatua 15, mchezo ni sare. Mtaani hatuhesabu. Tunazungushana mpaka mmoja achoke, apigiwe simu, ama abiria aje, kisha aliyeondoka anaambiwa amekimbia na pesa yake inaliwa. Tuhesabu 15, kila mtu achukue chake.

Yapo mengine ambayo sina kelele nayo. Kingi akishakula, atue chumba cha karibu ama popote palipo wazi mbele yake? Mimi napendelea popote, ila akiwa na nafasi ya kuendelea kula, aendelee. Kete ikifika mwisho katikati ya kula, iendelee papo hapo kama kingi? Warusi wanasema ndiyo, Waingereza wanasema isimame hapo. Chagueni mnachotaka. Muhimu ni kusema mapema.

Mchezo huu umeshawahi kumkosesha Mwafrika haki kwa wakati. Baba Sy wa Senegal alipaswa kukutana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti kugombea taji la dunia mwaka 1963. Mechi haikufanyika. Shirikisho la dunia lilikuja kumtambua kama bingwa wa mwaka huo ilipofika 1986, na yeye alikuwa amefariki mwaka 1978. Hata wakubwa wakichelewa kusema nani yuko sawa, anayestahili anaondoka mikono mitupu. Sisi wa vifuniko vya chupa hatuna shirikisho la kutukumbuka baadaye, kwa hivyo tumalize mambo kabla mchezo haujaanza.

Ombi langu kwa kila maskani ni dogo. Bodi yenu ni mbao, ina upande wa nyuma ambao hautumiki. Tafuteni kalamu ya wino mzito muandike mistari minne: kingi anaruka au anatembea, anatua wapi, analazimishwa kula, sare ni baada ya hatua ngapi. Mgeni akija, geuzeni bodi asome kabla ya kutoa pesa. Mkiamua kwenu kingi anatembea, sawa, nitatembea naye. Lakini mkiandika anaruka, basi mstari wa tatu usiwe na hiari. Wazee wa maskani mkisimamia hilo, hata kijana anayepita tu akielekea Naivasha Road kutafuta kazi ataweza kukaa, acheze, na akishindwa ajue ameshindwa na mtu.