Baada ya Kisu, Mgonjwa Asiachwe Peke Yake

Kwa miaka mingi visiwani mwetu unene umehesabiwa kuwa alama ya neema. Mke akinenepa husemwa ametunzwa. Mume akitoa kitambi husemwa ameoa. Na anayekonda huulizwa ana maradhi gani. Leo hesabu hiyo imegeuka. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa na unene uliopindukia. Sisi nasi hatukusalimika. Kisukari na shinikizo la damu hayahitaji tena kuelezwa kwa mwananchi wa Unguja au Pemba, kwani ni nyumba chache zisizoyajua.

Si ajabu, basi, kwamba upasuaji wa kupunguza uzito sasa unazungumzwa barazani na ukumbini. Mlango wa tiba hiyo uko wazi India na katika nchi za Ghuba, ambako wengi wetu tuna jamaa. Hatukusudii kuipinga tiba hiyo, wala kumkebehi anayeifuata. Tunalotaka kusema ni kwamba kisu ni kazi ya saa chache, lakini maisha ya kabla yake na baada yake ni kazi ya miaka, na kazi hiyo hufanyika hapa kisiwani, si huko alikopasuliwa mtu.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba upasuaji huu si kukwangua mafuta, kama wengi wanavyodhani. Katika namna inayotumika zaidi, daktari huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, likabaki bomba jembamba mfano wa mkono wa kanzu. Katika namna nyengine, iliyoasisiwa na Dk. Edward Mason wa Marekani katika miaka ya 1960, hutengwa kijifuko cha kiasi cha mililita 30, kisha kikaunganishwa na utumbo ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Faida yake imethibiti. Uchunguzi mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987, wenye watu zaidi ya 4,000, ulionyesha katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walipatwa na mauti kwa uchache kuliko wanene wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Hata hivyo tiba hii si ya kila mwenye kitambi. Kipimo hupatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tangu mwaka 1991 mpaka uliokubaliwa ulikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 jumuiya za mabingwa zilipendekeza kuushusha hadi 35, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye urefu wa mita 1.60 huufikia mpaka wa 35 anapokaribia kilo 90. Anayetaka tu kuonekana mwembamba harusini hamo katika hesabu hii.

Anayestahili naye hana budi kujitayarisha. Huachishwa sigara, hupimwa moyo, sukari na pumzi zake za usingizini, na mara nyingi hupewa chakula chepesi kwa muda wa wiki mbili hivi ili ini lake lipungue na kumpa daktari nafasi ya kufanya kazi. Zaidi ya hayo, anatakiwa aulizwe kwa nini anakula. Anayekula kwa huzuni au kwa upweke atapunguziwa tumbo, lakini huzuni yake itabaki pale pale. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga; lakini ni wajibu wa daktari na jamaa kumwonyesha mtu kina cha maji kabla hajavua nguo.

Baada ya hapo ndipo mtihani unapoanza. Wiki za mwanzo ni za vitu vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Tonge chache zinamtosha, tena azitafune taratibu, aanze na samaki, yai au maharage kabla ya wali, na maji ayanywe mbali na chakula, funda kwa funda, mchana kutwa. Kaimati na chai ya sukari nyingi vinaweza kumletea moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha. Sasa na tumfikirie mtu huyu mbele ya sinia la biriani, akizungukwa na shangazi na wifi wanaomwambia, "Kula bwana, umekwisha!" Kwetu sisi kukataa chakula ni kumvunjia heshima aliyekipika. Desturi hiyo ni nzuri, lakini kwa mtu huyu inaweza kuwa sumu. Mwenyeji mwema ni yule atakayemwekea kisahani chake na kumwacha ale kwa kadiri yake. Hali kadhalika katika Ramadhani: aliyepasuliwa karibuni anahitaji maji mchana kutwa, na dini imekwisha mpa mgonjwa ruhusa yake. Asisemwe wala asitazamwe kwa jicho la pembeni.

Wanawake wanahitaji kuambiwa mambo mengine kwa uwazi. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huweza kurudi haraka, ilhali mabingwa hushauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Na katika upasuaji wa kuunganisha utumbo, vidonge vya kupanga uzazi huenda visitegemewe. Nywele huweza kupukutika katika miezi ya mwanzo, na ngozi ikalegea. Ndoa nazo hutikisika: uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopasuliwa, wenye ndoa waliachana zaidi kuliko wanene wenzao wasiopasuliwa, na wasio na wenza walipata wenza zaidi. Mwili ukibadilika, nyumba nzima hubadilika.

Linalotutia hofu zaidi ni jambo ambalo halionekani kwa macho. Mtu huyu atahitaji vitamini na madini maisha yake yote, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, na kupimwa damu kila mwaka. Akiba ya B12 mwilini huweza kukaa muda mrefu kabla ya kwisha. Hivyo anaweza kujiona mzima, kumbe mishipa yake ya fahamu inaharibika kimya kimya. Tena anayetapika mfululizo katika miezi ya mwanzo huweza kukosa vitamini B1, na akitundikiwa dripu ya sukari kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo wake unaweza kudhurika. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo hununuliwa dukani kama peremende, zinaweza kumtoboa vidonda tumboni. Mwenye kisukari naye asipopunguziwa dawa kwa wakati anaweza kuanguka kwa upungufu wa sukari. Je, mgonjwa wa aina hii akifikishwa usiku katika hospitali ya Micheweni au Makunduchi, atakayempokea atayajua haya? Na kama hayajui, nani alipaswa kumfundisha?

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Wizara ya Afya. Itengwe siku maalumu ya kliniki, japo moja kwa mwezi, katika hospitali ya Mnazi Mmoja kwa upande wa Unguja, na Abdulla Mzee, Mkoani, kwa upande wa Pemba, ili waliopasuliwa wapimwe damu, wapewe ushauri wa chakula na kusikilizwa. Kila mmoja apewe kadi ya Kiswahili inayoeleza alifanyiwa nini, lini, na dawa gani asipewe. Wauguzi wa vituo vya afya na wauza dawa wafundishwe hatari tulizozitaja. Na anayetaka kusafiri kwa tiba hii aonane kwanza na kliniki hiyo, ajue gharama ya miaka ijayo na si ya siku moja tu. Haya hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji utaratibu na watu wachache wenye moyo.

Wapo watakaouliza kwa nini Serikali ishughulikie tiba ya wachache wenye uwezo, ilhali wengi wanangojea huduma za kawaida. Tunajibu kwamba mgonjwa akisharudi na kuharibikiwa, ni hospitali hizo hizo za umma zitakazombeba, na kwa gharama kubwa zaidi. Vile vile kliniki hiyo hiyo itamfaa mwananchi mnene asiyetaka au asiyeweza kupasuliwa, ambaye ndiye aliye wengi.

Na sisi wananchi tuna fungu letu. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee. Lakini huyu yafaa aulizwe, tena asikilizwe anaposema umetosha. Tuache kumcheka alipokuwa mnene, tuache kumsengenya anapokonda.