Keto kwa Asiyekula: Tiba au Kisingizio?

Neno "keto" limekwisha kupata uenyeji katika Mji wa Kale wa Mombasa. Utalisikia Kibokoni na Kuze, utalisikia katika baraza za wazee waliopimwa sukari, na utalisikia kwa mabinti wanaojiandaa kwa harusi. Kwa wengi maana yake ni moja tu: kuacha wali, mkate na mahamri ili mwili upungue. Kwa hivyo msomaji atanielewa nikisema kwamba nilikunja uso niliposoma kuwa wako madaktari Marekani wanaoujaribu mlo huo huo kama tiba ya watu ambao maradhi yao ni kutokula. Je, anayedhoofika kwa njaa apewe mlo wa kukondesha? Swali hili lafanana na mzaha, lakini si mzaha hata kidogo, na ni bora walimu na wanafunzi wetu walielewe kabla halijawafikia kwa njia ya uvumi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mnamo mwaka 1873, Sir William Gull wa London na Ernest-Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza hali ya wasichana waliokonda kupindukia pasipo kifua kikuu wala maradhi mengine ya mwili. Gull ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina lililoshika hadi leo, anoreksia nevosa, yaani ukosefu wa hamu ya chakula unaotokana na neva. Jina hilo, mtu wa lugha hana budi kusema, ni bovu. Aghalabu mgonjwa ana njaa. Huwaza chakula mchana kutwa, huwapikia wengine kwa bidii, hukumbuka kila kilichopita kinywani mwake tangu asubuhi. Ila tonge likimkaribia humjia na hofu ambayo sisi wengine twaijua kwa nyoka tu. Wala si ugonjwa wa madaha. Miongoni mwa maradhi ya akili, huu ni mmoja wa yale yanayoua zaidi, ama kwa moyo kuishiwa nguvu, ama kwa mgonjwa kujitoa uhai.

Ama mlo wa ketojeni, haukuzaliwa katika biashara ya kupunguza unene. Uliasisiwa mwaka 1921 na Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa imejulikana tangu kale kwamba mwenye kifafa akikaa siku kadhaa bila kula, mishtuko humpungua. Lakini ni nani awezaye kufunga umri wake wote? Wilder alipendekeza mlo wa kuuhadaa mwili: mafuta mengi mno, protini ya kiasi, wanga kidogo sana. Katika umbo lake kali, kwa kila gramu moja ya protini na wanga zikijumlishwa, mtoto hupewa gramu nne za mafuta. Ini likikosa wanga huyageuza mafuta kuwa kemikali ziitwazo ketoni, na ubongo huzikubali kama kuni badala ya sukari. Mwili hudhani umefunga, ilhali umekula. Jaribio lililochapishwa London mwaka 2008 lilihusisha watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza. Katika kundi lililopewa mlo huo, asilimia 38 walipata nafuu ya zaidi ya nusu ya mishtuko yao. Katika kundi lililosubiri, asilimia 6 tu. Hiyo ni tiba yenye mizani, vipimo vya damu na mtaalamu wa lishe aliye karibu. Keto ya barazani haina hata kimoja cha hivyo.

Kutoka kifafa hadi anoreksia pana hatua moja ya kufikiri. Baadhi ya wagonjwa husimulia kwamba wakiacha kula, wasiwasi wao hutulia. Daktari Barbara Scolnick na wenzake wakauliza: je, si hizo ketoni zinazozalishwa na njaa ndizo zinazoutuliza ubongo? Na kama ndivyo, je, mtu akizipata kwa kula, hataacha kuzitafuta kwa kukaa na njaa? Nakiri kwamba dhana hii ilinivutia kwa wepesi wake. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya jaribio dogo la wanawake watano. Walianza kwa mlo wa ketojeni, kisha wakapewa ketamini kwa njia ya mshipa, dawa ile ile inayotumika kama nusukaputi katika vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu. Fikra za maradhi zilipungua.

Hapa mwanafunzi mwenye macho atasimama na kuuliza maswali. Watano ni wangapi? Hapakuwa na kundi la kulinganishia. Na kama mtu amepewa vitu viwili, tutajuaje ni kipi kilichomfaa? Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kwamba wanawake wale walikuwa wamekwisha kurudishiwa uzito wao kabla ya jaribio kuanza. Kilichotafutiwa dawa ni fikra zilizobaki baada ya mwili kujaa tena. Kweli, mwaka 2023 zilichapishwa habari za wagonjwa watatu waliokuwa wamekonda, ambao walinenepa na kutulia kwa kula nyama na mafuta kwa wingi, na watetezi wa keto huzitaja sana. Ila habari za watu watatu waliofanikiwa hazituambii waliojaribu na kushindwa ni wangapi. Watafiti wenyewe, akiwemo Guido Frank wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, wamejielekeza kwa waliokwisha kurejea uzito. Wanajua wanachokiogopa. Mlo huu hupunguza hamu ya kula, na aliyebaki mifupa na ngozi hana akiba ya kuchezea.

Pamoja na hayo yote, naunga mkono jaribio lifanywe, tena kwa ukubwa na kwa makundi mawili ya kulinganishwa. Sababu yangu haimo katika mafuta wala katika ketoni. Imo katika swali lenyewe. Kwa muda mrefu mgonjwa huyu ameambiwa kwamba ni mkaidi, kwamba anaringa, kwamba anawatesa wazazi wake. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa vinasaba, wenye wagonjwa 16,992, ulionyesha kwamba ugonjwa huu una mizizi katika akili na pia katika namna mwili unavyotumia chakula. Anayejaribu mlo kama dawa anasema, hata kama mlo wake utashindwa, kwamba hapa pana mwili ulioharibikiwa, si tabia iliyoharibika. Hilo ni jambo kubwa kwa mzazi kuambiwa.

Nasi huku pwani tuna shida ya ziada. Ugonjwa huu hauna jina kwetu, na kisicho na jina hupita mlangoni bila kubishiwa hodi. Frank Njenga na Rachel Kangethe waliandika mwaka 2004, katika jarida la tiba la Afrika Mashariki, juu ya anoreksia nchini Kenya, na picha waliyoitoa ni ya ugonjwa adimu. Huenda ni adimu. Huenda pia huvaa nguo tusizozitarajia. Mwaka huo huo wa 2004, watafiti waliowapima wasichana 668 wa shule za sekondari nchini Ghana waliwakuta kumi waliokuwa wamekonda kwa kujinyima chakula tu. Wasichana hao hawakuzungumzia kuogopa unene. Walizungumzia dini na kuitawala nafsi. Daktari aliyefundishwa kuuliza, "Je, waogopa kunenepa?" angewaruhusu wote kumi warudi nyumbani.

Naijua hali hiyo kwa karibu zaidi ya vitabu. Nimewahi kumfundisha binti mmoja aliyefunga Ramadhani, akaunganisha na Sita ya Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi za kila juma, kisha siku nyingine ambazo hata yeye hakuwa na jina la kuzipa. Mtaa mzima ulimsifu. Aliyetambua ni nyanyake, mwanamke asiyejua kusoma hati za Kizungu, alipomwona siku ya Idi, siku ambayo kufunga ni haramu, anaizungusha biriani sahanini bila kuila. Alisema neno ambalo sijalipata kwa msomi yeyote: "Mjukuu wangu hafungi, afungwa." Wakampeleka hospitali, na leo yu hai na anafundisha.

Nawaomba walimu wenzangu wautazame mnyambuliko huo kwa makini. Mwenye kufunga ni mtenda. Ana nia, ana mwanzo na ana magharibi yake ya kufuturu. Mwenye kufungwa ni mtendwa. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, kwa hivyo asije mtu akadhani kwamba kumwuliza binti juu ya saumu yake isiyokwisha ni kuingilia ibada.

Sasa mletee binti kama huyo neno "keto". Jana alihitaji kisingizio cha ibada. Leo ana kisingizio cha sayansi. Ataiacha sima, ataiacha mbaazi, ataiacha ndizi, na kila mtu atampongeza kwa kujali afya yake. Kesho atapata cha kuongeza: kwamba hata Marekani mlo huo ni dawa ya walio kama yeye. Itakuwa kweli nusu, na nusu hiyo inaweza kumzika. Tumegeuka haraka mno katika jambo hili. Katika miaka ya 1980 majirani zetu wa Uganda waliuita Ukimwi "Slim", na huku kwetu kumwambia mtu "umekonda" kulikuwa ni kumpa pole. Neno lile lile la Kiingereza lililokuwa jina la kifo sasa ni sifa, limeandikwa kwenye pakiti za chai.

Mwalimu wa shule ya bweni hahitaji kuwa tabibu. Anaona nani hukaa mezani kila siku bila kupunguza kilichomo sahanini, nani amevaa sweta katika joto la Februari la Mombasa, nani anakimbia uwanjani wakati wenzake wanakula. Akiyaona hayo, asimpe ushauri wa mlo wowote, uwe wa keto au wa wali. Ampeleke kwa daktari, na mapema, maana hata kumrudishia chakula aliyekaa na njaa kwa muda mrefu ni kazi ya hospitali. Akilishwa kwa pupa, chumvi za damu yake zinaweza kuvurugika ghafla na moyo ukasimama.

Limebaki suala la jina. Wako wanaopendekeza "ugonjwa wa kujinyima". Napinga. Kujinyima kwetu ni fadhila. Mama hujinyima ili watoto wasome, na hakuna ugonjwa unaotibika ukiwa umepewa jina la sifa. "Kujikondesha" nako kunabeba kile kiambishi -ji- kinachomfanya mgonjwa kuwa mkosaji na mkosewa kwa pamoja. "Kukataa chakula" ni lugha ya mtoto mtundu. Mimi ningeshika njia ya yule bibi, nikatafuta kauli ya kutendwa: maradhi ya kufungwa kula. Najua litawakwaza wengi mara ya kwanza, na pengine mwanafunzi wa Tudor au Kilifi atanileteea lililo bora. Alilete. Ila asinipe "keto" kuwa jina la dawa yake, si kabla watu wengi zaidi ya watano hawajapimwa.