Sauti ya Marehemu Ilipopotea Ndani ya Deki

Tulikwenda Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, kumjulia hali mama mmoja ambaye ni msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu na aliyekuwa ametoka edani miezi michache nyuma. Upepo wa Singida, ambao wenyeji hawaushangai tena, ulikuwa umelaza vumbi jembamba juu ya kila kitu pale sebuleni, isipokuwa kifurushi kimoja cha khanga kilichowekwa juu ya kabati. Ndani ya khanga mlikuwa na diski ya nikahi ya binti yake mkubwa. Katika diski hiyo marehemu mumewe, Allah amrehemu, akiwa ndiye walii, anasimama baada ya akdi na kumpa mkwewe nasaha kwa muda wa dakika kumi hivi. Familia haina rekodi nyingine yoyote ya sauti yake.

"Karibuni msikie wenyewe," alituambia mama. "Qasida zote zimo. Dufu linalia utadhani wapigaji wamekaa hapa kwenye mkeka. Lakini akisimama baba yao kusema, sauti inazama. Naona mdomo wake tu unatembea."

Kisha akamgeukia kijana wake wa kidato cha tatu. "Huyu kaikwaruza. Alikuwa akiweka filamu zake humu kila siku."

"Wallahi, mama, hiyo diski sijaigusa," alijibu kijana, macho yake yakiwa sakafuni. Ilikuwa dhahiri kwamba maneno hayo yalikwisha kusemwa mara nyingi katika nyumba ile, na kwamba hayakuwa yameaminiwa hata mara moja. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ametoa hukumu yake pia: diski imekufa, haina dawa.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa aina ambayo wengi wetu tunayo au tumewahi kuitamani: deki ya DVD iliyoungana na kikuza sauti, ikiwa na sabufa moja kubwa na spika ndogo za kutandazwa chumbani. Kwetu neno sabufa limekuwa jina la mtambo mzima, hata wa spika mbili. Lakini kwa hakika sabufa ni lile sanduku moja tu linalotoa ngurumo nzito. Mama aliununua mtambo huo ukiwa umekwisha kutumika, ili nasaha ya marehemu isikike vizuri zaidi kuliko katika spika dhaifu za televisheni. Lengo lilikuwa jema, na matokeo yake yakawa kinyume.

Tuliiangalia diski kwanza. Ilikuwa na mikwaruzo miwili myepesi, basi. Na hapa kuna jambo ambalo lingemwepusha kijana na lawama ya miezi mingi: diski iliyokwaruzika haichagui cha kuficha. Huruka, hukwama, picha hukatikakatika vipande vya mraba, na sauti hukatika pamoja nayo. Haiwezi kulihifadhi dufu likiwa safi, ikaendeleza picha bila kutikisika, kisha ikameza maneno ya mtu mmoja peke yake. Maneno yakizama huku picha ikienda sawasawa, itazameni njia ambayo sauti hupita baada ya kutoka kwenye diski. Nayo sauti ya mzee haikuwa imetoweka kabisa. Tuliposogeza sikio karibu na sabufa tuliisikia ikivuma chinichini, kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi.

Ndipo tulipouliza spika ziko ngapi. Tukahesabu: mbili kando ya televisheni, mbili nyuma ya makochi, na sabufa. Tano kwa jumla. Nyuma ya deki palikuwa na matundu ya spika sita.

"Aliyeniuzia alisema ile ya katikati ni pambo tu," alisema mama.

Haikuwa pambo. Mpango wa spika sita, ambao kwenye makasha huandikwa 5.1, ulitoka katika majumba ya sinema, na DVD zilipoingia sokoni Japani mwaka 1996 ukafuata hadi sebuleni. Spika tano hubeba sauti kamili, na ya sita, sabufa, hubeba ngurumo za chini peke yake. Ndiyo maana ikaandikwa nukta moja badala ya kuhesabiwa nzima. Ya katikati ndiyo hupewa mazungumzo. Sababu yake ni ya watazamaji: aliyeketi pembeni mwa ukumbi husikia zaidi spika iliyo karibu naye, naye angeona mtu anasema kwenye kioo huku maneno yakitokea ukutani. Kwa hiyo maneno yakapewa spika yao, mahali pa kioo, na muziki na vishindo vikagawiwa pembeni na nyuma.

Lakini diski ya nikahi haikurekodiwa kwa njia sita. Ilirekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, kama zilivyo rekodi nyingi za harusi zetu. Iweje basi? Jibu lilikuwa kwenye rimoti. Deki ilikuwa imewekwa katika hali iitwayo Pro Logic, ambayo kampuni ya Dolby iliitoa mwaka 1987. Kazi yake ni kuchukua sauti ya njia mbili na kuitawanya katika spika nyingi. Hutazama ni kitu gani kiko sawasawa kushoto na kulia, hukihesabu kuwa ni cha katikati, na kukipeleka kwenye spika ya katikati. Kinachotofautiana baina ya pande mbili hukiacha pembeni au hukirudisha nyuma.

Sasa mfikirieni mzee wa watu. Alisema mbele ya kipaza sauti kimoja, na mrekodi akaiandika sauti hiyo kwa kipimo kilekile kushoto na kulia. Qasida, kwa upande mwingine, mrekodi alizitia baadaye akizitoa kwenye rekodi nyingine iliyopangwa kwa njia mbili, ghani upande huu na dufu upande ule. Mtambo ukafanya kama ulivyoamriwa. Dufu likaenda kwenye spika zilizopo. Nasaha yote ikapelekwa kwenye tundu lisilokuwa na spika.

Tulithibitisha kabla ya kubadilisha chochote. Katika orodha ya mipangilio ya deki nyingi mna sauti ya majaribio, mvumo kama wa maji ya bomba unaopita spika moja baada ya nyingine. Tuliuwasha, tukakaa kimya wote. Ukavuma kushoto. Kisha ukaja ukimya, kwa muda wa kuhesabu mbili. Kisha kulia, kisha nyuma. Kijana ndiye aliyenyanyua kidole pale kwenye ukimya, kabla yetu.

Dawa ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. Tulitoa Pro Logic tukaweka stereo, hali ambayo kila upande hutoa cha kwake na cha katikati hugawanywa pande zote mbili. Wale wanaotaka kuendelea kutumia spika za nyuma wanayo njia nyingine: waingie mahali pa mipangilio ya spika, watafute palipoandikwa CENTER, waweke OFF au NONE. Hapo mtambo unaelewa kwamba spika hiyo haipo, na maneno yanahamishiwa kushoto na kulia. Kilichomponza mama ni kwamba mtambo ulikuwa bado unaamini kuwa spika zote sita zipo.

Tukairudisha diski mpaka mahali anaposimama mzee. Akasema, "Bismillah," akakohoa kidogo, akamwita mkwewe kwa jina. Mama alijifunika uso kwa ncha ya mtandio na hakusema neno mpaka nasaha ikaisha. Kisha akamwita kijana wake aketi karibu naye. Waliyozungumza baada ya hapo ni yao.

Tangu tuitaje safari hii katika mazungumzo na jamaa, tumeulizwa maswali kadhaa ambayo chanzo chake ni hicho hicho kikiwa kimevaa nguo nyingine. Wapo wenye deki ya peke yake iliyounganishwa kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, hadi kwenye sabufa ya kawaida. Wakiweka filamu, vishindo vinatikisa madirisha na mazungumzo hayasikiki. Wanapandisha sauti wamsikie msemaji, kisha gari linalipuka na mtoto aliyelala anaamka, na jirani naye anaamka. Mara nyingi deki hiyo imewekwa itoe sauti kwa njia sita ilhali nyaya zilizochomekwa ni za njia mbili tu, na mazungumzo yanabaki kwenye tundu ambalo hakuna aliyelichomeka kitu. Katika mipangilio ya sauti tafuteni neno stereo, 2CH au DOWNMIX.

Wengine hawapati sauti kabisa kwa diski fulani, na nyingine zinalia vizuri. Hao watazame kama diski hiyo imewekwa sauti ya DTS. Televisheni nyingi haziwezi kuifasiri aina hiyo zinapoipokea kwa waya wa kidijitali. Katika orodha ya lugha na sauti ya diski chagueni sauti nyingine, au katika deki wekeni PCM, ili deki ifanye kazi ya kufasiri kabla ya kuituma.

Kuna hila moja ya waya ambayo huwadanganya hata mafundi. Ile pini ndogo inayoingia kwenye sabufa ina sehemu tatu: kushoto, kulia, na ya pamoja inayorudisha umeme. Ikilegea hiyo ya pamoja, spika hutoa tofauti tu baina ya kushoto na kulia, na kila kilichokuwa sawa pande zote, yaani sauti ya msemaji, hujifuta chenyewe. Mtazungusha vitufe vyote bila faida, badilisheni waya. Jamaa yake ni kosa la kugeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika moja. Koni ya hii ikienda mbele, ya pili inarudi nyuma, maneno yanakuwa mepesi na besi inakimbia. Zimeni mtambo kabisa kabla ya kugusa nyaya hizo, na msiache nyuzi za nyekundu na nyeusi zigusane, maana hapo mtatafuta fundi kwa haki.

Na zile VCD za zamani, ambazo bado zimejaa makabatini, nyingine ziliwekwa sauti mbili tofauti, moja kushoto na nyingine kulia. Zikisikika pamoja ni vurugu. Kitufe cha L/R kwenye rimoti huzitenganisha.

Tuseme neno pia kuhusu kisomo cha Qur'ani, kwa sababu nyumba nyingi hununua mitambo hii kwa nia hiyo. Rekodi nyingi za wasomaji mashuhuri wa zamani zilichukuliwa kwa kipaza sauti kimoja. Hakuna cha kuzungusha ndani yake. Mtu akibonyeza hali iliyoandikwa HALL au CHURCH, mtambo unabuni mwangwi ambao msomaji hakuwa nao, na mwangwi huo unaziangukia herufi. Sini na swadi hutofautiana kwa sauti nyembamba za juu na uzito mdogo wa herufi. Ziongezeeni mwangwi na ngurumo ya sabufa, na mtoto anayejifunza matamshi kwa kusikiliza atasikia kitu kimoja. Kwa kisomo, tumieni stereo, punguzeni besi hadi chini kabisa, na zimeni hali zote za kumbi. Wengi huona huko ni kuupoteza mtambo walioulipia ghali. Sisi tunaona ni kuutumia.

Chumba nacho kinashiriki. Sebule ya sakafu ya saruji, yenye kuta tupu na bati lisilokuwa na dari, hurudisha sauti mara nyingi kabla haijatulia. Zulia au mkeka mpana, mapazia mazito na makochi ya kitambaa huongeza uwazi wa maneno kuliko spika ya bei kubwa. Pale Mwankoko tuliviringua mkeka wa wageni mbele ya televisheni, na tofauti ikasikika papo hapo.

Jambo lililotutia wasiwasi zaidi ni lile ambalo mama hakuwa ameliwaza: nakala ilikuwa moja. Diski za kurekodia harusi hazifanani na zile zinazochapwa kiwandani. Zina tabaka la rangi linaloandikwa kwa mwali wa leza, na rangi hiyo huchakaa kwa jua, joto na unyevu. Juu ya kabati, chini ya bati, si mahali pake. Zishikeni kwa ukingo, zifuteni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje bila kuzungusha, na vumbi likigoma tumieni maji yenye sabuni kidogo. Dawa ya meno, ambayo vijana huipenda sana, ina chembe zinazokwaruza.

Tulimwachia kijana kazi. Aende mjini kwenye steshenari yenye kompyuta ya kusoma diski, anakili faili zote za video kama zilivyo, aziweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwa dada yake aliyeolewa. Siku tatu baadaye alitupigia simu. Flashi zote mbili zilikuwa tayari, na ameziangalia mwanzo hadi mwisho. Mama yake alikuwa na swali moja tu, alituambia: je, ile sabufa inaweza kuzimwa kabisa wakati baba anaposema?

Inaweza. Kitufe chake kiko nyuma.