Laptopu ya bonasi

Juma lile shule zilipofungwa kwa likizo ya Aprili, dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku kutoka Kipkelion. Mpenzi msomaji, dada yangu si mtu wa kupiga simu ovyo. Akipiga saa hizo, ama kuna msiba ama kuna pesa. Safari hii zilikuwa pesa: Sh30,000 alizokuwa amezizuia tangu bonasi ya chai ya Oktoba, akaziweka kwenye chama ili zisije zikaliwa na Krismasi.

Kwa nyinyi mliozaliwa mjini, bonasi ni yale malipo ya pili ambayo mkulima mdogo wa chai hupata mara moja kwa mwaka, baada ya kulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka. Kule Kericho na Bomet ndiyo inayojenga nyumba na kulipa karo. Na bonasi ya mwaka wa 2025 upande wetu ilikuwa ndogo hata wakulima wakalalamika hadharani. Kwa hivyo Sh30,000 zilizobaki mpaka Aprili si mchezo. Ni zaidi ya nusu ya karo ya mwaka ya Sh53,554 iliyowekwa na serikali kwa shule za kitaifa.

Bintiye yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, amechagua somo la Kompyuta, na alikuwa amefika nyumbani na ombi moja tu. Dada akaniambia, "Wewe ndiye mjomba, na wewe ndiye unakaa Nairobi. Nunua. Lakini usinunue kama ile ingine."

Kwetu Wakipsigis mjomba huitwa "mama", na jina hilo huja na kazi zake. Sikuwa na pa kukimbilia.

Ile ingine ni aibu yangu. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, nilimnunulia kifungua mimba wa dada yangu laptopu mpya kabisa, ndani ya karatasi zake, kutoka duka moja lenye taa nyingi. Ilikuwa nyembamba kama sahani na rangi yake ilimetameta. Sikuuliza lolote ila bei. Kumbe ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2 na nafasi ya kuhifadhia ya gigabaiti 32, na nusu ya nafasi hiyo ilikuwa tayari imekaliwa na Windows yenyewe. Haukupita mwezi ikaanza kulia kwamba imejaa. Kijana akifungua kitabu kimoja na ukurasa mmoja wa intaneti, anaweza kwenda kukama ng'ombe akarudi kabla haijafunguka. Nilipoirudisha, muuzaji alinionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti. Mpaka leo iko juu ya kabati ya dada yangu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni hudhani ni redio.

Basi mara hii sikukimbilia dukani. Nilimpigia simu mpwa wangu kwanza.

"Mjomba, nataka ya skrini ya kugusa," akasema.

Nikamwuliza itakaa wapi akirudi shule. Kimya. Shule nyingi zetu za bweni haziruhusu mwanafunzi kuleta kompyuta yake mwenyewe, kama zisivyoruhusu simu. Ya kwake pia hairuhusu. Maana yake ni kwamba mashine ya Sh30,000 itafanya kazi miezi mitatu ya likizo na kulala miezi tisa. Mzazi akilisahau jambo hilo hununua kompyuta ya mwanafunzi wa chuo kikuu, anayetembea nayo kutwa begani. Huyu wetu anahitaji nyingine kabisa. Wepesi na umaridadi havimsaidii kitu. Anahitaji mashine inayoweza kukaa Kipkelion na isiharibike.

Swali la pili nilimwuliza afikishe kwa mwalimu wake: katika somo la Kompyuta mnatumia programu gani? Wazazi wengi hawajui kwamba somo hili katika KCSE lina karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo, na mradi ambao mtahiniwa huujenga mwenyewe. Shuleni kwao mradi hujengwa kwa Access, programu ya kutunza kumbukumbu, na hiyo hufanya kazi kwenye Windows tu. Jibu hilo moja lilifuta nusu ya laptopu zote za Nairobi. Zile Chromebook ndogo za bei rahisi zilizojaa madukani ni imara, na betri yake hukaa, lakini Access haziwezi. Tena kila Chromebook ina tarehe ambayo Google huacha kuihudumia, na zile zilizotoka shule za Marekani nyingine bado zimefungwa kwa akaunti ya shule hiyo. Ukiiwasha inakudai jina la mwalimu wa huko ambaye hutamwona maishani. Kwa mtoto asiyechukua somo la Kompyuta, anayetaka kusoma na kuandika tu, Chromebook yenye miaka mingi mbele yake si mbaya. Hali kadhalika wale wa gredi ya kumi walioingia sekondari pevu Januari 2026: muulize mwalimu kwanza, kisha uguse pochi.

Jumamosi nikashuka Luthuli Avenue. (Walimu wa Kiswahili wanataka tuseme kipakatalishi. Nilijaribu. Kijana wa duka aliniuliza kama nataka mfuniko wa simu.)

Kwa pesa hizo chaguo ni mbili. Moja ni mpya ya bei ya chini kabisa, dada wa ile iliyo juu ya kabati. Nyingine ni iliyotumika, ambayo wauzaji huiita ex-UK: mashine za ofisi za Ulaya kama ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP, zilizotupwa na kampuni baada ya miaka michache. Mimi siku hizi niko upande wa hizi. Zilitengenezwa zipigwe kazi kila siku, fundi wa Nakuru au Kericho anazijua, na vipuri vyake vinapatikana. Nilizoziona siku ile zilikwenda kama Sh15,000 hadi Sh40,000.

Lakini hapa ndipo pa kufumbua macho. "Hii ni i5, mkubwa," kijana akaniambia, kana kwamba kaniambia ni dhahabu. i5 ya mwaka gani? Geuza mashine au uifungue usome namba nzima ya prosesa. Ikiwa i5-6300U, ile sita ni kizazi cha sita. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha nane. Tofauti hiyo si urembo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha sita na cha saba zimejaa mitaani kwa bei ya kuvutia. Zitafanya kazi, ndiyo, lakini kinga dhidi ya wezi wa intaneti haitakuwa ile ya kawaida, na muuzaji anayeilazimisha iingie Windows 11 kwa mlango wa nyuma hatakuwapo itakapogoma.

RAM nilitaka gigabaiti 8. Microsoft inasema 4 zinatosha kwa Windows 11. Zinatosha kama vile viti kumi na vinne vinavyotosha katika matatu ya kijijini siku ya soko. Nafasi ya kuhifadhia, gigabaiti 256, na iwe SSD. Ile diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, na mimi nikiwaza barabara ninazopita mpaka kufika nyumbani, nahurumia kitu chochote kinachozunguka. SSD haina kinachozunguka.

Mashine ya kwanza niliyoipenda ilikuwa na kibodi ya Kijerumani: Y imekaa mahali pa Z. Kijana akasema mtoto atazoea. Azoee hii nyumbani, kisha akafanyie mtihani ile ya shule? Nikairudisha. Ya pili betri yake ilikuwa imekwisha. Hilo halionekani kwa macho. Andika powercfg /batteryreport katika ule ukurasa mweusi wa amri, na Windows itakuandikia betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebakiwa na kiasi gani. Hii ilikuwa imebakiwa na chini ya nusu. Muuzaji hakufurahi kuniona nikiandika.

Ya tatu ndiyo niliyonunua: ThinkPad ya kizazi cha nane, nyeusi, nzito, yenye mkwaruzo kwenye kifuniko na betri yenye zaidi ya robo tatu ya uwezo wake. Chaja yake ni ya miguu mitatu ya Kiingereza, inaingia ukutani kwetu bila adapta. Nilihakikisha haina nenosiri la kampuni iliyoitupa, na kwamba Access imo, maana haimo katika kila Office, na muuzaji anaweza kukuapia imo ilhali hajawahi kuiona. Nilionyeshwa, nikaifungua, nikaandika jina langu ndani yake. Sh26,500, na dhamana ya miezi sita kwa maandishi. Safari hii niligeuza risiti nikasoma nyuma, mstari kwa mstari, watu wakisubiri.

Zile Sh3,500 zilizobaki, dada alidhani zitarudi. Hazikurudi. Wataalamu wa hali ya hewa duniani huijua Kericho kwa mvua ya mawe, na mvua hiyo ya alasiri huja na radi. Stima hupotea, kisha hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kilichoua televisheni ya jirani yake. Nilinunua kifaa cha kulinda mashine stima inaporuka, mfuko wenye sponji, na flashi ya kuwekea nakala ya kazi. Na kabla sijaondoka Nairobi niliiacha usiku kucha kwenye wi-fi ya ofisi ikamilishe masasisho yake yote. Nyumbani intaneti ni bando ya simu ya dada yangu, na masasisho ya Windows yanaweza kulimaliza bando la wiki kabla chai haijachemka. Kuna mahali katika mipangilio pa kuiambia mashine kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Nilipabonyeza.

Mpwa wangu alipoiona kwanza alinyamaza. "Mjomba, ni nzee," akasema kwa sauti ndogo. Sikumlaumu. Wenzake wataleta hadithi za skrini za kugusa. Nikamwambia aiwashe. Iliwaka kabla hajamaliza kuvuta kiti, naye akatazama kule juu ya kabati, kisha akanitazama mimi.

Tulikubaliana watatu kuhusu ile miezi tisa. Itazimwa kabisa betri ikiwa nusu, kwa maana betri ikilala tupu hufa, na ikilala imejaa huzeeka haraka. Itakaa ndani ya mfuko katika sanduku la dada, mbali na jiko. Kila mwisho wa mwezi itawashwa kidogo.

Jioni ya pili mvua ikaja, stima ikaenda, na mashine ikaendelea na betri yake. Mpwa wangu alikuwa ameitoa ile kopo ya maziwa ya unga ambamo mama yake huweka risiti za majani chai, akawa anaingiza kilo za kila siku katika Access kama zoezi la mradi wake. Alikuwa amefika Februari, mwezi wa jua, na kilo zilikuwa zimeshuka sana. Dada yangu akasogeza kiti, akaweka miwani, akazitazama zile namba kwa muda mrefu.

"Sasa niwekee hapo kando," akamwambia bintiye, "pesa nilizomlipa yule wa kunichumia."