Risasi ya Risasi: Ugumu Si Shabaha

Ipo kauli inayozunguka katika mabaraza yetu kama fedha bandia, kila mtu anaipokea na kuipitisha bila kuigonga isikike mlio wake. Inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, ya methali, ya mipasho na maombolezo, lakini ukikiingiza karakanani penye chuma, moto na vipimo, kinakosa pumzi. Huko, tunaambiwa, hatuna budi kuazima ulimi wa Kiingereza. Naipinga kauli hiyo. Na ili nisidhaniwe nimejichagulia uwanja mwepesi, nakwenda kuipinga mahali ambapo wanaoisema wanajiona wameshinda: katika ufundi wa Wamarekani wanaosubu risasi wenyewe na kujaza viasi vya bastola kwa mikono yao, wakitafuta shabaha.

Nimeupata mfano huu katika kazi. Wakala mmoja wa tafsiri aliniomba niikague tafsiri ya filamu fupi inayohusu ufundi huo. Mfasiri alikutana na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha risasi iliyosubiwa kwa madini magumu ya risasi, akaandika: "risasi ngumu ya kuongoza iliyotupwa". Kwa Kiingereza jina la madini hayo linaandikwa sawasawa na kitenzi cha kuongoza, na kitenzi cha kusubu ni kilekile cha kutupa. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba kosa ni la Kiswahili, kwa kuwa "hakina maneno ya mambo haya". Tazameni dhuluma hiyo! Utata ni wa Kiingereza, uvivu ni wa mfasiri, na hukumu inaangukia lugha yetu.

Tuanze na neno lenyewe. Risasi limetujia kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini mazito, laini, ya kijivu. Madini hayo yakawa ndiyo tonge linalotoka katika mtutu, na jina likahama pamoja nayo. Halafu tukalinyoosha zaidi. Leo "risasi" ni madini, ni kile kipande kinachoruka, ni kifurushi kizima chenye ganda na baruti, na ni tendo lenyewe, kama tunaposema "ilisikika risasi". Neno moja limebebeshwa mizigo minne. Je, huu ni umaskini wa lugha? La. Ni umaskini wa kumbukumbu zetu. Fungueni kamusi za wamisionari wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Humo kifurushi kizima kinaitwa kiasi cha bunduki. Fataki ni kile kifuniko kidogo kinachogongwa na nyundo kikatoa cheche, kabla hatujalitoa neno hilo karakanani na kulipeleka kwenye sherehe za mwaka mpya. Marisaa ni chembe ndogo za kuwindia ndege. Kalibu ni chombo ambamo chuma kilichoyeyuka humiminwa kipate umbo, na kusubu ndilo tendo la kumimina. Waliokuwa wakishindilia magobori hawakungoja warsha ya istilahi.

Na hili la kalibu lina utamu wake. Wanaisimu wengi hulirudisha neno la Wazungu la kutajia kipenyo cha mtutu kwenye neno hilohilo la Kiarabu lililotupa kalibu. Limesafiri hadi Ulaya, likaturudia likiwa limevaa koti, nasi tukalipokea kama mgeni tukasema "mtu wa kaliba yake". Nduguye alikuwa ameketi nyumbani siku zote, hakuna aliyemsalimia.

Sasa nauweka ufundi wenyewe mezani, kwa Kiswahili kitupu, tuone pumzi itaishia wapi.

Kiasi cha bastola kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na risasi mdomoni. Ganda halifi kwa kufyatuliwa mara moja. Fundi hulisafisha, akalirudishia umbo, akalitia fataki mpya, akalipimia baruti na kuliziba kwa risasi aliyoisubu mwenyewe. Madini matupu ya risasi ni laini mno. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Msweden Johan August Brinell mwaka 1900, yako karibu na 5. Kwa hiyo fundi huyachanganya na bati, ambalo huyafanya yatiririke vizuri hadi pembe za kalibu, na antimoni, ambayo ndiyo inayoleta ugumu. Antimoni si ngeni kwetu: mawe yake yalisagwa tangu kale kuwa wanja wa macho. Kile kilichopamba jicho la bibi harusi ndicho kinachoikaza risasi.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa maandishi. Mwaka 1886 mashine ya Ottmar Mergenthaler ilianza kazi katika gazeti la New York Tribune, ikisubu mistari mizima ya herufi kwa mchanganyiko wa madini ya risasi, antimoni na bati. Mchanganyiko wake wa kawaida ni takriban sehemu 84 za risasi, 12 za antimoni na 4 za bati, na ugumu wake ni kama 22. Mitambo hiyo ilipostaafishwa, shehena za madini yake ziliangukia mikononi mwa wasubu risasi, nao walizifurahia mno. Herufi zilizochapa magazeti zikayeyushwa zikawa risasi. Atakayeniambia kwamba ufundi huu hauna uhusiano na baraza la washairi aanze kwa kunijibu hilo.

Lakini kiini cha hoja ni hiki. Wengi wanaoingia katika ufundi huo hudhani kwamba kadiri risasi inavyokuwa ngumu, ndivyo inavyolenga vyema. Si kweli. Bastola ya silinda kwa kawaida ina vyumba vitano au sita, na kila chumba kina koo lake. Risasi hutoka katika ganda, ikapita kooni, ikaruka upenyo mdogo uliopo kati ya silinda na mtutu, ndipo ikashikwa na mifereji ya mzunguko inayoipa msokoto. Iwapo koo ni jembamba kuliko mtutu, risasi hubanwa ikafika mtutuni ikiwa imepwaya. Gesi ya moto huvuja pembeni yake, huunguza kitako chake na kupaka madini kwenye kuta za mtutu, na shabaha huharibika. Risasi laini ingeweza kuvimba kwa shinikizo la baruti ikaziba mwanya. Risasi ngumu iliyojaziwa baruti kidogo haivimbi. Ugumu wake wenyewe ndio unaoiangusha.

Dawa ni kipimo. Bastola nyingi za .44 zina mtutu wenye kipenyo cha inchi 0.429 penye vina vya mifereji, na mafundi wengi huipa risasi 0.430, yaani ziada ya sehemu moja ya elfu ya inchi, mradi koo za silinda ziiruhusu ipite bila kubanwa. Huipaka mchanganyiko wenye nta ya nyuki. Huanzia kiwango cha chini cha baruti kilichochapishwa katika vitabu vya wataalamu na hawavuki kile cha juu. Hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja: leo baruti, kesho ugumu, keshokutwa kina cha kuikalisha risasi katika ganda. Huvitia vyumba vya silinda namba, wapate kujua ni kipi kinachowasaliti. Hata Elmer Keith wa Idaho, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1984, ambaye majaribio yake ya miaka mingi yalichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum mwaka 1955, anajulikana kwa kupenda mchanganyiko wa sehemu moja ya bati kwa sehemu 16 za risasi, ulio laini kwa mbali kuliko madini ya wapiga chapa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wenzake hakukimbilia ugumu.

Nimemaliza. Pumzi imekatika wapi? Nimekopa maneno machache kama antimoni na silinda, na majina ya watu na ya aina za silaha nimeyaacha yalivyo. Yaliyobaki yalikuwa nyumbani.

Kwa hiyo nawageukia watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wanaosema hatuna maneno. Hao nimeshawajibu. Wa pili ni wanaoubandikia Kiingereza irabu mwishoni wakauita Kiswahili: "buleti", "katriji", "praima", "kesi". Sina ugomvi na mkopo unaoziba pengo, maana Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa. Nina ugomvi na mkopo wa mtu aliyeacha fedha yake ndani ya mto. Kiasi kipo, wewe unakopa katriji ya nini? Wa tatu ni wale wanaotaka kutufukuzia maneno ya asili ya Kiarabu kwa jina la usafi. Wakimaliza kusafisha hatutakuwa na risasi, baruti, kalibu wala kiasi, na hata neno "lugha" lenyewe litatupwa nje na maji ya kuoshea.

Wapo watakaosema kwamba silaha si mada ya baraza la ushairi. Wamesahau wametoka wapi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga utenzi wa vita vya Maji Maji. Katika vita hivyo vya 1905 hadi 1907 watu walikwenda mbele ya bunduki wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Neno hili limelowa damu ya wazee wetu. Hatuwezi kulishika kwa mikono ya kizembe.

Wala hatari haikuishia huko. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa washangiliaji. Sasa fikirini shahidi anaandika katika maelezo yake: "Nilikuta risasi tatu sakafuni." Ni viasi vitatu vizima ambavyo havijafyatuliwa? Ni maganda matatu matupu, ushahidi kwamba silaha imelia mara tatu? Au ni vipande vitatu vya madini vilivyokwisha kupita katika mwili au ukuta? Huyu anashtakiwa kwa kumiliki, yule kwa kuua, na mwingine pengine hana hatia kabisa. Sentensi ni moja. Wakili atahoji, hakimu atauliza, na aghalabu jambo litanyooka. Lakini siku lisiponyooka, kosa la msamiati litahesabiwa kwa miaka ya kifungo cha mtu. Nataka "kiasi" kirudi kwa sababu hiyo hasa.

Neno la mwisho ni letu wenyewe, malenga. Tunazo mizani na wasubu risasi wanazo mizani. Wao hupimia baruti, sisi hupimia silabi. Na ugonjwa wetu ni uleule wa wanafunzi wao: kudhani kwamba ugumu ndio shabaha. Kila wiki nasoma mashairi yaliyojazwa maneno yaliyochimbuliwa kaburini, si kwa sababu fikra iliyahitaji, bali ili msomaji aone kwamba mtunzi ana kamusi. Neno gumu lisiloenea katika fikra yake hupwaya, maana huvuja pembeni, na ubeti hubaki umepakwa masizi. Sisemi tuache maneno ya kale. Nimetumia makala nzima kuyatetea. Nasema neno la kale lipewe kazi, lipimwe koo lake na mtutu wake, na likienea litafika. Kiasi ni neno la kale na kila mtoto analielewa. Huo ndio ugumu unaofaa.

Basi naomba matatu. Waandishi wa habari na wa mahakama wasiandike "risasi" pale wanapomaanisha kiasi au ganda. Watunga kamusi warudishe maana za karakanani katika vidahizo walivyovipunguza. Na washairi wavifanyie kazi viasi na fataki na kalibu, kwa kuwa neno lisiloimbwa halikai. Mimi naanza:

Neno lisilo na kima, halifiki akilini,
Hata likiwa la chuma, huangukia njiani,
Shika neno kwa kupima, uliweke mizanini,
Ugumu pweke si mwema, shabaha i kipimoni.

Wahenga waliyasema, maneno ya ufundini,
Fataki, kiasi, chuma, na risasi kalibuni,
Sisi tukarudi nyuma, tukayatupa jaani,
Ugumu pweke si mwema, shabaha i kipimoni.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, kwa nathari au kwa beti. Ila aipime kwanza.